Pikipiki Zilizozaliwa Kavimvira

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa saba

Kayee, daftari langu, nakuomba msamaha. Tangu Pasaka sijakufungua. Riziki alizaliwa, dada yake Neema akapata homa, ziwa likapanda tena mpaka kwenye kibaraza cha jirani. Hizo si sababu, najua. Kuna siku nilikuwa na dakika kumi za kuandika, nikazilala.

Saa nane mchana. Riziki amelala mgongoni, sithubutu kumshusha. Naandika nimesimama, nimekuweka juu ya pipa la maji. Bugali uko motoni. Kwenye meza iko kazi ya komite: karte roze kumi na tisa, yaani vyeti vya usajili vya pikipiki kumi na tisa. Kila moja natakiwa kuipa klasi yake kabla ya Jumapili.

Sikuomba kuwa sekretere. Walinichagua kwa sababu nilifika mwaka wa nne wa sekondari na mwandiko wangu unasomeka. Wanaume wale wanafungua moteri macho yamefumba, lakini mwambie mmoja apige mstari na rula, anakumbuka ana safari.

Kila kiangazi wenye pikipiki za zamani wa pande hizi wanashindana mashambani, mbali na barabara. Kamanyola kwanza kwa majaribio, halafu Lubarika kwa ubingwa. Miaka yote walikimbia pamoja, mashine ya babu na ya mjukuu. Mwaka jana, Lubarika, Mzee Kashindi, prezida wetu, aligongwa pale njia inapovuka mfereji. Paja lilivunjika. Aliyemgonga ni mume wangu.

Ni ajali, watu wote walisema. Mashine mbili za umri mmoja. Mzee alikata njia akidhani ana nafasi, kumbe hana. Walisema macho yake yamechoka. Yeye mwenyewe alisema hivyo, kitandani hospitali, akimshika Baba Neema mkono ili asijilaumu. Ndipo komite ikaamua: mwaka huu ziwe klasi. Wakongwe peke yao. Wenye nguvu peke yao.

Bugali unanuka kuungua.

Jumatano, tarehe 3

Nimemaliza. Klasi ya Wakongwe, Klasi ya Kati, Klasi ya Vijana. Nimefuata mwaka ulioandikwa kwenye karte roze, kwa sababu karatasi haina ndugu wala rafiki. Baba Neema yuko Wakongwe, na pikipiki ya marehemu baba yake. Baba mkwe alikuwa veterineri, alipanda nayo milimani miaka mingi kuchanja ng'ombe. Mzee Kashindi yuko Wakongwe pia.

Mzee alipita saa nne na fimbo yake. Alikataa kiti. Watoto wake walimkataza pikipiki tangu ajali. Mwaka huu wamemruhusu, kwa sharti akimbie na mashine za umri wa yake tu. Alitazama orodha, kidole kikashuka polepole mpaka kwenye jina lake. Alileta karatasi karibu na pua. Halafu akasema, "Mama Neema, miye miguu yangu iko mu kayee yako."

Nikacheka. Alipotoka nje sikucheka tena.

Mama Mkwe amefuta kiti cha pikipiki na kikwembe chake, kama kawaida. Anafanya hivyo kila wiki tangu mumewe afe. Kaburi lenyewe liko juu milimani, hawezi kufika. Simwambii kitu.

Jumapili, tarehe 7

Kamanyola. Vumbi mpaka kwenye nepi. Nimechoka hadi meno.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Nimekaa na meza yangu chini ya turubai, nagawa namba. Nepo wa Lubarika, yule mkulima wa mpunga ambaye mdomo wake haufungwi hata kanisani, akaniuliza mbele ya watu: "Weye Mama Neema, unatupanga kama ndagala mu soko. Wakubwa huku, wadogo kule. Waliooza wako wapi?" Nikamwambia waliooza ni klasi yake. Walicheka sana. Nilijiona mtu.

Halafu Klasi ya Vijana ikaanza.

Ndani yake nilikuwa nimemweka Mwinjilisti Samweli. Anatoka juu, kwenye nyanda za ng'ombe, anashuka na pikipiki ya kanisa. Nilipoiona nikajiuliza, mbona inaonekana nzee hivi? Lakini karte roze yake ilikuwa ya karibuni kuliko nyingi. Karatasi ni karatasi. Kwenye kona ya kwanza vijana wawili wakampita kushoto na kulia kwa wakati mmoja, wakambana, akaruka mpaka mtaroni.

Nilikimbia na mtoto mgongoni. Kaske, kofia yake ya kujikinga, imepasuka vipande viwili. Bega limevimba. Kichwa kizima, Mungu asifiwe. Alikaa, akaomba maji, akanywa yote. Akanitazama bila hasira.

"Dada, karatasi yako iliniita kijana."

Akapiga tanki kwa kiganja. Akaeleza kwamba pikipiki hii ililetwa na wamisionari kwa meli, ikakaa ndani ya sanduku la mbao huko Bujumbura, wamisionari wakarudi kwao bila kuifungua. Miaka mingi baadaye kanisa lingine likaivusha mpaka wa Kavimvira na kuilipia ushuru wa duane, forodhani. Mwaka ulioandikwa ni mwaka wa duane.

Huku kwetu sisi tunasema pikipiki imezaliwa siku ile imevuka Kavimvira. "Imezaliwa lini?" "Imezaliwa mwaka fulani." Nimesema hivyo tangu utoto. Mume wangu anasema hivyo, mafundi wanasema, hata mtu wa duane anasema hivyo akigonga mhuri. Mashine inaweza kuzeeka Ulaya miaka ishirini, ikifika kwetu ni kitoto kichanga. Nami nimepanga watu kwa neno hilo. Ni kama kuwapanga wazee kwa tarehe ya ubatizo.

Samweli angekufa kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumatatu, tarehe 8

Nimeenda kwa Mzee Kashindi kuachia kazi. Hakunisikiliza. Alisema aliyekosea hesabu ndiye afute ubao. Wiki mbili zimebaki.

Sina usingizi wala hamu ya kula.

Alhamisi, tarehe 11

Kanuni mpya. Nimeiandika mwenyewe, Mzee ametia sahihi. Hatusomi tena karatasi, tunasoma chuma. Freni, yaani breki, za ngoma mbele na nyuma, na amotiseri, springi za kuzuia mtikisiko, mbili nyuma: Wakongwe. Amotiseri moja katikati: Klasi ya Kati. Freni ya diski, au moteri yenye nguvu kupita kipimo hata kama mwili ni wa zamani: Vijana. Moteri, Baba Neema na mafundi wawili wa Kamanyola wamezipima za wengine wote. Yake hakuna aliyeomba kuipima. Ni ya veterineri, kila mtu anaijua.

Na ili mtu asibadilishe mashine baada ya kupangwa, nachukua namba ya shasi, fremu yenyewe, ya kila moja. Si kwa kunakili, kwa sababu mtu anaweza kunakili uongo. Natia karatasi nyembamba juu ya namba iliyogongwa kwenye chuma, nasugua na kreyo ya shule ya Neema, namba inajitokeza yenyewe, nyeupe ndani ya weusi. Mjomba wangu aliyekuwa mlinzi wa duane alinionyesha nikiwa mdogo. Halafu naibandika kando ya jina. Siku ya mashindano nitasugua tena na kulinganisha.

Leo nimefanya tisa. Tumbo chini, uso kwenye oili, Riziki juu ya mkeka analia, Neema anamwimbia wimbo aliotunga mwenyewe juu ya mende. Nepo alisema sasa naziwekea pikipiki mikono kama mchungaji. Nilimwacha aseme.

Kazi hii naipenda. Sijawahi kuandika hivyo.

Ijumaa, tarehe 12

Kumi na nane zimekwisha. Iliyobaki ilikuwa ya nyumbani. Baba Neema amekwenda Sange kutafuta vifaa. Nikasema niimalize tu, ni ya kujaza ukurasa.

Nimesugua mara tatu.

Kwenye zile kumi na nane tarakimu zinasimama kama wanafunzi mstarini. Hapa saba imepanda juu. Nne imekatika mguu. Nne ile naijua. Iko kwenye kila kifaa cha mume wangu. Anagonga 74 kwenye funguo zake zote za kufungulia bolti ili wasimwibie, na nne yake imevunjika tangu zamani.

Chini ya tarakimu, kivuli cha tarakimu nyingine. Zilisuguliwa na tupa lakini kreyo imeziona.

Nikaangalia nyuma, chini ya kiti kile anachofuta Mama Mkwe. Pale amotiseri mbili zinapoungana na mwili kuna mistari ya sudire, chuma kimeunganishwa kwa moto, kinono kama kiwavi, kimepakwa rangi juu. Na katikati kuna sikio la chuma lisilo na kazi, lililokatwa. Shasi hii ilitengenezwa kwa amotiseri moja. Moteri nimesafisha tope kwa kidole. Si ya kuchanja ng'ombe.

Ni pikipiki ya kijana iliyovalishwa koti la babu.

Riziki akalia. Nikanyonyesha pale pale chini, kwenye vumbi. Ndipo nikaelewa jambo la Mzee. Alikuwa mbele, akasikia mashine ya veterineri nyuma yake. Anaijua mashine ile miaka thelathini, anajua inakuja kwa mwendo gani. Akapima, akakata. Alipima vizuri. Iliyokuja ilikuwa nyingine.

Karatasi nimeificha ndani ya kadi ya chanjo ya mtoto.

Jumamosi, tarehe 13

Amerudi na nyanya na samaki. Ameniuliza kama naumwa. Nimesema naumwa.

Jumapili, tarehe 14

Baada ya misa nilipita uwanjani nyuma ya Kavimvira. Mzee Kashindi alikuwa anajizoeza, watoto wake wawili wanatembea kando. Mtu huyu nilimwona nikiwa msichana akishuka ukingo wa mto mkono mmoja, mwingine umeshika kofia. Leo anasimama kila kona. Anaangalia nyuma. Anaangalia tena. Mara ya tatu. Kwenye kona ya kushoto alisimama mno mpaka pikipiki ikalala, naye akalala nayo.

Alijipangusa, akasema kwa utani kwamba anajifunza upofu mapema, asije akashtukizwa nao.

Watoto wake walicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya ukuta. Nina hasira na mume wangu kama sijawahi. Nina huruma naye pia, na hiyo inaniongezea hasira.

Jumanne, tarehe 16

Leo. Saa tano asubuhi, Mama Mkwe ameenda sokoni, Neema shuleni. Niliweka karatasi juu ya meza ya kazi ya Baba Neema. Kando yake nikaweka ufunguo namba kumi na saba wenye 74 yake.

Alivitazama vyote viwili. Hakukana. Hilo namshukuru.

Akasimulia akiwa amenipa mgongo. Miaka mitatu iliyopita, baba yake amezikwa hata mwezi haujaisha, alikuwa anashuka milimani na pikipiki. Watu wenye bunduki wakamsimamisha. Walichukua pikipiki, wakachukua na viatu. Alitembea siku mbili. Alipofika Kamanyola hakuweza kuja nyumbani, kwa sababu mama yake alikuwa amemwambia jambo moja tu: airudishe pikipiki ya baba nyumbani. Mimi niliambiwa yuko kazini Kamanyola. Kumbe alikuwa karakana ya rafiki, amepata shasi isiyo na karatasi, anaivalisha. Kiti na tanki alivinunua, alivipaka rangi kwa kukumbuka. Karte roze ilikuwa nyumbani, hiyo ilikuwa ya kweli. Akagonga namba.

"Nilitaka mama aone kiti tu," alisema. "Basi."

Halafu watu wakaanza kusema, tazama, mashine ya veterineri bado inaishi. Halafu wakamwambia akimbie nayo. Akakimbia. Akawa anashinda.

Nikamuuliza, na Mzee alipovunjika?

Akachukua ufunguo, akaufuta kwa shati.

"Nilifikiria kila siku."

Ulifikiria, nikamwambia, ukamwacha aamini ni kipofu.

Hapo akageuka. Akaniomba jambo. Atasema pikipiki imeharibika, hatakimbia Lubarika, mwaka huu wala mwingine. Mzee atakuwa salama. Mama hatajua. Mimi sitalazimika kuandika uongo, nitaandika tu hayupo. Nani ataumia?

Nilitaka kukubali. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: nilitaka sana. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikamwona Mzee anaangalia nyuma mara ya tatu.

Nikasema hapana. Naandika Klasi ya Vijana, na mbele yake namba ninayoiona. Nampa mpaka Ijumaa amwambie Mzee, na kabla ya Mzee amwambie mama yake.

"Na nisipokwenda?"

"Nitakwenda mimi. Na mtoto mgongoni."

Nikachukua karatasi yangu, nikarudi ndani.

Jumatano, tarehe 17

Hatusemi. Amekula kwa jirani, amesimama. Neema ameuliza kama baba amekasirikia pikipiki. Nimesema ndiyo.

Maziwa yamepungua. Mama Mkwe ananipikia uji wa ulezi, ananisifu kwamba najitahidi. Kila kijiko kinanikwama.

Labda nimekosea. Labda mwanamke mwingine angefunika. Mama yangu angefunika. Orodha nimeinakili safi, mstari wa kumi na tisa uko wazi.

Alhamisi, tarehe 18

Amemwambia mama yake. Nilikuwa jikoni, nilisikia yote. Alianza vibaya, akasimama, akaanza tena.

Mama Mkwe hakulia. Aliuliza swali moja: "Ile yangu iko wapi?"

Mwanawe akasema hajui. Nani anajua?

Alichukua kikwembe alichokuwa anafutia kiti, akakifua kwa sabuni nyingi, akakianika. Halafu akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Mchana hakula. Jioni alifungua, akasimama mlangoni, hakumtazama mwanawe. Akasema kwa Kirundi, lugha anayoitumia kwenye mambo ya kwao tu, kwamba namba ya mume wake itolewe kwenye kitu hicho.

Ijumaa, tarehe 19

Tulikwenda saa tatu asubuhi. Nilitaka kubaki langoni. Baba Neema akanishika kiwiko, nikaingia.

Mzee alikuwa anakunywa chai. Alifurahi kutuona. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote. Alimwita mtoto wa kike alete vikombe.

Mume wangu alikataa kukaa. Alisema akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Alisema yote: milima, karakana, sudire, namba. Hakujitetea. Alipofika kwenye mfereji wa Lubarika hakuruka kitu.

Mzee alisogeza kikombe. Akauliza moteri ile ni ya nguvu gani. Akaambiwa. Akauliza, wakati anageuza usukani kukata njia, Baba Neema alikuwa umbali gani nyuma. Mume wangu akasema kama kutoka hapa mpaka nyumba ya tatu. Mzee akahesabu kwa vidole juu ya meza, midomo inacheza. Akauliza: na ingekuwa kweli ile ya baba yako?

"Ungepita, Mzee. Ungepita na nafasi ingebaki."

Mzee akakunja vidole vyote mezani.

"Basi macho yangu iko muzima," alisema Mzee Kashindi.

Alisema polepole, siyo kwetu. Akatazama dirishani, kwenye ukanda mwembamba wa ziwa unaoonekana kati ya nyumba, akatazama muda mrefu, kama anajaribu.

Halafu akageuka na uso ulikuwa mwingine. "Mwaka muzima, weye. Watoto wangu wananishikaka mukono kuvuka barabara. Unakuja hapa, unakunywa chai yangu, unaniita baba."

Akamwambia atoke. Mimi akaniambia nikae. Mume wangu alitoka. Mzee alinitaka kitu kimoja: kabla ya mashindano, Baba Neema aseme mbele ya wote. Waliomcheka ni wengi, na wote wasikie.

Chai ilikuwa imepoa. Niliinywa.

Jumapili, tarehe 21

Lubarika. Naandika garini, tunarudi, Riziki amelala kifuani.

Nilisugua namba zote upya. Zote zililingana. Mwinjilisti Samweli, bega limefungwa kitambaa, sasa yuko Wakongwe, aliniuliza kama leo nimempa umri wake. Nikamwambia leo ni mzee kabisa. Akasema amina.

Kisha Baba Neema akapanda juu ya kreti ya bia na kusema. Dakika tatu labda. Nepo hakufanya mzaha. Nilikuwa namtazama Nepo kwa sababu sikuweza kumtazama mume wangu. Wengine walipiga kelele afukuzwe kabisa. Mmoja wa Kamanyola alisema mimi nilijua tangu zamani, kwamba mume na mke wanalala kitanda kimoja, sekretere anawezaje asijue. Iliniuma. Samweli akamjibu kwamba asingejua mtu yeyote kama si sekretere huyo huyo, na nani mwingine hapa angemwandika mumewe.

Komite ilipiga kura pale pale. Baba Neema akae msimu mzima bila kukimbia. Ilihitaji mikono mitatu kati ya mitano. Iliinuka miwili.

Nikanyoosha wangu.

Aliniona. Alitikisa kichwa kidogo, si kwa hasira. Sijui kwa nini. Nitamwuliza siku nyingine.

Walihitaji mtu wa kusimama na bendera kwenye mfereji, pale pale, mahali pa ajali ya mwaka jana. Hakuna aliyetaka kukaa juani. Baba Neema akachukua bendera akaenda.

Wakongwe waliondoka saba. Moshi wa oili mpaka machozi. Mzunguko wa kwanza Mzee alikuwa wa mwisho, akiangalia nyuma kila kona. Wa pili, wa mwisho tena. Watoto wake walikuwa kwenye kamba karibu na mimi, mkubwa anauma kucha.

Mzunguko wa tatu, kabla ya mfereji, walikuwa watatu pamoja: Mzee, mtu wa Sange, na Samweli akija kwa nyuma kwa nguvu zote alizonazo yule bibi kizee, pikipiki ya kanisa. Njia fupi ya kuvuka ni ya kushoto, lakini lazima ukate mbele ya anayekuja. Nilijua atasimama. Nilitaka asimame.

Hakusimama. Hakugeuza kichwa. Alisikiliza tu, niliona bega lake linasikiliza, akakata.

Samweli alipita nyuma yake na nafasi ya kupitisha mkokoteni.

Alimaliza wa tatu. Alipita kwenye bendera mara tatu leo na hakumsalimu mume wangu hata mara moja. Aliposhuka, watoto wake wakakimbia kumshika. Akawatoa mikono. Akatafuta fimbo yake mwenyewe kwenye nyasi, akaipata.

Jumatano, tarehe 24

Kimya nyumbani. Upepo wa ziwa. Neema amelala na Riziki mkeka mmoja, mdogo amemshika mkubwa nywele.

Asubuhi Baba Neema alitoa namba kwa tupa, mpaka chuma kikang'aa. Mama Mkwe alisimama mbali akaangalia hadi mwisho. Baadaye aliniomba chumvi. Ni neno la kwanza tangu Alhamisi ile. Na mwanawe bado hasemi naye, ila leo amemwekea chakula.

Mzee hajasamehe. Ametuma mtu kuomba nakala ya orodha, na kwenye kikaratasi cha ombi ameandika klasi yake ya mwaka ujao kwa mkono wake: Wakongwe.

Pikipiki sasa haina jina. Haiwezi kuingia barabarani. Tumekubaliana, yeye na mimi, kwa maneno machache: itangazwe duane, ilipiwe, ipate karatasi ya kweli kama kitu kilichofika leo. Ikichukua mwaka, ichukue.

Dada Solange yuko Bukavu, kuna gari la Ijumaa. Kesho nitamtumia ujumbe aninunulie vitu. Nisisahau hata kimoja:

Kitambaa cha manjano, mita mbili, cha namba za Vijana.

Pini za nguo, boksi moja.

Dawa ya kikohozi ya Neema, ile nyekundu, si ya kahawia.

Nepi za kufua, sita.

Gundi.

Kaske ya Mwinjilisti, kichwa kikubwa, komite inailipia.

Fomu ya kuomba karte roze mpya. Mbili, kwa sababu ya kwanza Baba Neema ataikosea.